Kipande Kisichokunywa Maji

Riruta, 10 Februari 2025

Kwa Mama yangu Wanjira,

Barua yako na kifurushi vilifika, nami nakutangazia kwamba elimu yako yote nimeielewa. Nimeisoma mara moja tu, nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikasema: haya hata mimi naweza kuyafundisha.

Muthoni amesoma hadi hapo akichungulia juu ya bega langu, naye amecheka mpaka goti likamuuma, kwa hiyo afadhali niseme ukweli. Nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilivaa miwani yake. Nilichoelewa ni "Baba Mkubwa mpendwa" pale juu na jina lako pale chini. Ya katikati yalinipita kama gari la mbunge.

Sisi hatujambo. Muthoni ni mzima isipokuwa hilo goti. Binti yetu Ciru bado yuko Muthangari, na kila Jumamosi anakuja kukagua bakuli la sukari kama afisa wa forodha. Kwenye ploti mabati ya nyumba namba tano yanavuja. Mpangaji alinitumia picha ya sufuria iliyojaa maji. Nikamjibu, nikamuuliza anapika nini.

Kwa nini nakuita Mama unajua, lakini nitakukumbusha, maana ng'ambo husahaulisha. Ndugu yangu Mbuthia, alale pema, alikupa jina la mama yetu kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo wewe una miaka ishirini na tisa, mimi nina sabini na miwili, na ni wewe uliyenizaa. Mama yetu wa kwanza hakujua kusoma. Barua zake zote nilimsomea mimi, nikiongeza maneno yangu palipokuwa na nafasi. Wewe ndiwe Mama wa kwanza anayeweza kunijibu kwa kalamu yake, na ndiyo sababu hizi habari za simu sizitaki.

Sasa zawadi. Nilifungua boksi nikadhani umenitumia boksi tupu. Kumbe mle ndani kulikuwa na kipande cha rangi ya buluu iliyofifia, ukubwa wa sabuni ya kuogea. Nilipokiinua, mkono uliruka juu wenyewe, kama unaponyanyua debe ulilodhani limejaa. Nilikipuliza kikatembea mezani! Muthoni anasema ni moshi ulioganda. Mimi nasema ni wingu, na mwenye nyumba ni mimi.

Niandikie tena, lakini pole pole, kama unayemwandikia mtoto wako.

Mwanao mtundu,
Waithaka


Leeds, 3 Machi 2025

Baba Mkubwa mpendwa,

Natumai mu wazima, goti la Mama Mkubwa limepoa, na Ciru hajaigundua ile sukari unayoificha kwenye kopo la chumvi. Mimi ni Mama, najua. Huku baridi imeanza kuchoka. Nimepata duka linalouza unga wa ugali, lakini unatoka mbali na ladha yake imechoka na safari.

Nakuandikia pole pole. Mimina mafuta na maji kwenye chupa moja, utikise. Ukiiweka chini, yatatengana, kila kimoja kwa wenzake. Sasa mimi ninazo chembe ndogo ajabu; ukizipanga mstari mmoja katika upana wa unywele, zitaingia karibu elfu moja. Kila chembe ina pande mbili. Upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Haitulii ndani ya maji wala ndani ya mafuta, hivyo inakwenda kukaa mpakani. Zikijaa pale bega kwa bega, mpaka hausogei tena. Mafuta yanataka kujikusanya, yanashindwa. Kimiminika kinabaki kimesimama na umbo lake, njia za maji na njia za mafuta zimepitana kama vichochoro.

Umbo hilo ndilo kalibu yangu. Nagandisha kuta zake, kisha naondoa majimaji yote taratibu ndani ya chombo cha shinikizo ili kuta zisiporomoke. Kinachobaki ni kitu kigumu ambacho karibu chote ni hewa. Hicho hakinywi maji hata tone, lakini mafuta kinayanywa kama mgeni wa harusi. Natamani siku moja kiondoe oili ya magereji kwenye kijito chetu hapo Riruta.

Sasa lililonifanya niandike mbio. Nilikosea. Nilikusudia kukutumia kipande cha thelathini na nane, chenye ufa. Leo nimefungua kabati, nikakikuta cha thelathini na nane kinanitazama. Ulicho nacho wewe ni cha arobaini na moja, na ndicho pekee kilichotoka kizima. Nina mtihani wangu wa mwisho wa mdomo tarehe 3 Julai na wakaguzi watataka kukishika. Tafadhali kiweke pakavu, kisiguswe na mtu, uniambie kiko wapi. Mwenzangu Kiema atakuwa Nairobi mwezi wa Juni na atakirudisha.

Wako,
Wanjira


Riruta, 24 Machi 2025

Mama,

Barua yako ilifika salama. Mvua imeanza, na mpangaji wa namba tano sasa ana sufuria mbili. Goti la Muthoni lilitabiri mvua hiyo siku mbili kabla ya redio. Simu yangu ilitumbukia kwenye tangi la maji, kwa hiyo usijisumbue kupiga.

Sasa nimekuelewa kweli, si kama ule uongo wa kwanza. Hizo chembe zako hapa tunazijua tangu zamani, na jina tunalo: ndumilakuwili. Tofauti ni kwamba sisi tunawatukana, ninyi mnawapa kazi. Mtazame Kimanzi, mlinzi wa ploti yangu. Akiwa nami, anasema wapangaji ni wakorofi. Akiwa nao, anasema mimi ni bahili. Sisi tunampenda, wao wanampenda, na tangu aje hakuna aliyehama wala aliyenishtaki kwa chifu. Nilimpa habari kwamba kuna watu ng'ambo wanamsomea yeye mpaka digrii. Akaniuliza kama kuna marupurupu.

Basi nikawaza: Kimanzi mmoja analeta amani ya wiki moja. Lakini ukiweka Kimanzi kwenye kila mlango, nani atasogea? Hakuna wa kutoka, hakuna wa kuingia. Hapo ndipo nilipoona kimiminika chako kikisimama.

Kuhusu kile kipande, ondoa shaka. Kiko mahali pakavu kabisa, juu ya kitambaa cha kufuma, na kinaheshimiwa sana.

Mwanao,
Waithaka


Leeds, 9 Aprili 2025

Baba Mkubwa,

Salamu kwa wote. Mimi ni mzima.

Mama Mkubwa hana kitambaa cha kufuma. Ciru amepekua sebule, chumba cha kulala na kopo la chumvi. Anasema simu yako inalia ndani ya koti lako.

Kitambaa hicho ni cha nani?

Wanjira


Riruta, 28 Aprili 2025

Mama yangu mpole, uliyenibeba mgongoni,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Kuku wote ni wazima. Sukari imepatikana na imepelekwa Muthangari. Muthoni ameacha kunisemesha, isipokuwa wakati wa kula, na hapo anasema neno moja tu, "chakula".

Nitakueleza. Lakini kwanza ujue kwamba barua ya kukitaka kipande uliiandika tarehe 3 Machi. Jambo lenyewe lilitokea tarehe 2. Kwa hiyo mbele ya sheria sina hatia. Nilikosa kabla hujanikataza.

Tarehe 2 ilikuwa Jumapili ya mavuno. Unakumbuka: kila mtu analeta alichovuna, na baada ya ibada kinapigwa mnada pale nje ya kanisa. Watu walikuja na kabichi, miwa, hata mbuzi anayelia. Mimi shamba langu ni ploti, mavuno yangu ni wapangaji, na hao hawauziki. Mwaka jana nilipeleka mayai ya dukani, nikasahau kufuta muhuri. Mwaka huu nikasema nitapeleka kitu ambacho Riruta haijawahi kukiona. Nilitaka kukionyesha tu, nirudi nacho. Lakini meza ya mnada haijui kuonyesha. Shemasi Kihara, ambaye kwa sauti ile anaweza kuuza hata kivuli, alikishika, akaona mkono umepanda wenyewe, akapaaza sauti:

"Wapendwa! Mzee Waithaka, hiki ni nini?"

Mungu anisamehe. Nikasema, "Ni kipande cha wingu. Kimetoka ng'ambo."

"Wingu la mvua ama la kiangazi?"

"La mvua. Lakini kwanza kipate mwenyewe."

Hapo Bi Syokau akainua mkono. Unamkumbuka Syokau, yule mjane aliyekuwa mpangaji wangu namba mbili, kabla hajahamia Kileleshwa kwenye gorofa yenye lifti. Bado anasali kwetu, nadhani ili anione nikishindwa. Nilipandisha bei, akapandisha. Nikapandisha tena, akafungua mkoba wake pole pole, kama mtu anayefungua Biblia. Nikashusha mkono. Sasa wingu lako liko Kileleshwa, gorofa ya nne, juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, kando ya picha ya marehemu mumewe.

Nimekwenda huko mara mbili. Mara ya kwanza alinipa chai akanikatalia. Mara ya pili alinikatalia bila chai. Anasema, "Waithaka, kitu cha mnada wa mavuno kimeshapewa Mungu. Unataka nimnyang'anye Mungu nikupe wewe? Wewe uliyemletea mayai ya muhuri?"

Tengeneza kingine, Mama. Hicho si ni cha arobaini na moja? Mtu aliyefika arobaini na moja, cha arobaini na mbili kinamshinda nini?

Mwanao mkosaji,
Waithaka


Leeds, 12 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Nawasalimu nyote. Mwambie Mama Mkubwa asipande ngazi.

Mimi pia sikusema yote. Kile chombo cha shinikizo kiliharibika mwezi wa Januari, siku mbili baada ya kukitoa kipande hicho, na hadi leo kinangojea kipuri. Nimejaribu njia nyingine mara kumi na moja. Mara kumi na moja kuta zimeporomoka, nikabaki na unga kama wa chokaa. Ufadhili wangu unakwisha Julai. Bila kipande nina michoro na maneno, na mkaguzi mmoja ameshaandika kwamba haamini kama kitu hicho kiliwahi kusimama. Sikutaka mjue. Mlinisindikiza hadi uwanja wa ndege kwa basi la kanisa, watu wakiimba. Ningewaambiaje?

Cheo ulichonipa sijawahi kukitumia. Leo nakitumia. Waithaka, mimi ni mama yako. Nenda ukaseme ukweli, uniletee mali yangu. Kiema atakungoja kwenye ngazi za Posta Kuu tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi.

Mama yako,
Wanjira


Leeds, 6 Julai 2025

Baba Mkubwa mpendwa, na Mama Mkubwa, na Ciru, na namba tano kama bado anaelea,

Habari zenu? Mimi nimelala siku mbili mfululizo, ndiyo sababu barua hii imechelewa.

Nimefaulu. Wananidai masahihisho ya kurasa sita tu. Yule mkaguzi asiyeamini alikishika kipande, akakigeuza, akakiweka juu ya mwali mdogo wa moto, kisha akaweka kidole chake upande wa juu. Akangoja kiungue. Akangoja tena. Mwishowe akacheka peke yake kama mtoto, na yale maswali aliyokuwa ameyaandika hakuyauliza.

Sasa mimi ndiye mwenye maswali. Kilifika bila ufa, lakini kona moja haipo, ukubwa wa haragwe, na kipande kizima kinanukia mandazi. Wakaguzi waliniuliza juu ya kona, nikasema ni mambo ya safari. Kunusa walinusa, lakini walikuwa na adabu. Na Bi Syokau je, ulimwambia nini? Namuuliza Ciru, ananijibu "muulize mwenyewe" na kucheka. Kiema naye anasema hajui lolote, yeye alipewa tu kwenye ngazi akaambiwa apakate.

Nakungoja.

Wanjira (wameanza kuniita Daktari, nageuka kutazama nani ameingia)


Riruta, 21 Julai 2025

Kwa Mama Daktari,

Pokea vigelegele. Muthoni alipiga vitano, akataka kuongeza cha sita, goti likakataa. Ananisemesha tena, tena kupita kiasi. Namba tano nimemwekea mabati mapya, na amenitumia picha ya sufuria kavu. Kimanzi anauliza kama sasa anaweza kuandika kwenye karatasi zake za kazi kwamba yeye ni taaluma.

Syokau sikumwambia neno. Nilimpelekea barua yako nikamsomea yote, sikuongeza hata nukta. Aliposikia pale pa mara kumi na moja aliondoka kwenda kuzima jiko lisilokuwa na moto. Alirudi akasema, "Kumbe mwenye mali ni mtoto wa Mbuthia."

Lakini Syokau ni Syokau. Akasema kitu cha Mungu hakirudi mkononi mwa mtu, ila kinaweza kurudi mezani. Desturi unaijua: mtu ananunua jogoo mnadani, anamrudisha auzwe tena, kanisa linapata mara mbili. "Kutakuwa na mnada wa kujenga jiko la kanisa tarehe 8 Juni," akasema. "Nitakirudisha mezani. Na wewe utasimama useme ni nini, ni cha nani, na kilifikaje pale."

Nilisimama. Nikasema, "Wapendwa, hili si wingu. Wala si langu. Niliwadanganya, tena nikiwa nimevaa tai." Walicheka mpaka mchungaji akageuka ukutani. Nikaeleza habari za chembe zako, wakanitazama kama nilivyoitazama barua yako ya kwanza. Basi nikaomba karai la maji, na akina mama wanaokaanga mandazi wakanipa kijiko cha mafuta nikayamwaga humo. Nikamega kona. Haragwe lako ndipo lilipokwenda, Mama. Nililitupa juu ya maji, likaelea likizunguka, na mafuta yakalifuata kama yanaitwa kwa majina. Kihara akatia kidole kwenye karai, akakinusa, akakilamba.

"Haki, ni maji matupu!"

Fundi mmoja wa gereji ya Naivasha Road akapanda juu ya kiti. Na hapo ndipo nilipojiharibia, maana nilikuwa nimekisifu mno. Kila mtu akakitaka. Nilitaja bei yangu, wakanipita kabla sijafunga mdomo. Fundi anapandisha, Kihara mwenyewe anauza huku anapandisha, mimi jasho linanitiririka. Nikaona elimu yako inauzwa mara ya pili mbele ya macho yangu, na aliyeipigia debe ni mimi.

Ndipo Syokau akafungua mkoba. Pole pole, vile vile. Akawapita wote, hata fundi akashuka kitini. Nikajua basi, kinarudi Kileleshwa. Akakichukua mikononi, akanitazama hadi nikatazama viatu, akasema kwa sauti ya kufika Kawangware:

"Nimemnunulia Wanjira. Mpelekeeni."

Kitu kikishanunuliwa kwa jina la mtu, hakuna wa kubisha. Sikuweza kusema lolote, Mama. Muthoni anasema muujiza wa siku ile haukuwa wa mafuta, ulikuwa huo. Akina mama wakakifunga kwa karatasi zao za mandazi, na hiyo ndiyo harufu.

Limebaki jambo moja. Pale kwenye ngazi za Posta Kuu niliona begi la Kiema limejaa hadi zipu inalia. Kipande kingefika huko kikiwa unga. Karatasi ya mandazi ingekikinga na nini? Nilivua kofia yangu ya kijivu, ile ngumu ya Mtaa wa Biashara, nikakilaza ndani, nikaifunga kwa kamba ya kiatu, nikamwambia Kiema asiiachilie mpaka akuone. Nikarudi Riruta kichwa wazi, na kiatu kimoja kikinipigia makofi njia nzima.

Umeniandikia barua nzima ya ushindi, Mama, na kofia hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Nadhani unaivaa. Sasa ni Julai. Ukungu hapa hauinuki mpaka saa sita, na joto langu lote linatorokea utosini. Wewe umetengeneza kitu kinachozuia moto usifike kwenye kidole cha mzungu. Kikubwa hivyo mimi sikuombi. Mpe Kiema kofia yangu akija Agosti. Kamba ya kiatu unaweza kubaki nayo.

Mwanao,
Waithaka